Mdomo Uliponza Kichwa cha Nani?

Tanga kuna watu wanaoweza kukusomea hukumu kabla kahawa haijapoa kikombeni. Ijumaa ya tarehe 12 Agosti 2022, habari za mwandishi Salman Rushdie kuchomwa visu jukwaani kule Chautauqua, jimbo la New York, zilitufikia magharibi ikiingia. Baada ya isha, pale kijiweni kwetu Ngamiani, kesi ilikuwa imeshakwisha. Mmoja alisoma habari kwenye simu kwa sauti. Mwingine, bila kuinua macho kutoka kwenye bao, akasema, "Kayataka mwenyewe." Wa tatu akamalizia kwa methali, maana kwetu hoja haijakaa sawa mpaka ipate methali: mdomo uliponza kichwa. Watu wakaguna kukubali, wakarudi kwenye kete zao.

Kitabu chenyewe, riwaya ya The Satanic Verses iliyoshutumiwa kumkashifu Mtume, kilitoka mwaka 1988. Fatwa ya Ayatollah Khomeini wa Iran, ya kutaka mwandishi auawe, ikatolewa tarehe 14 Februari 1989. Kijana aliyeshika kisu alikuwa na umri wa miaka 24, kwa hiyo fatwa ilimtangulia duniani kwa miaka mingi tu. Na akiwa mahabusu aliliambia gazeti moja la huko kwamba kitabu alikuwa amekisoma kurasa mbili hivi. Kijiweni kwetu sidhani kama kulikuwa na mtu aliyezidi hizo kurasa mbili, nami nikiwemo. Hilo halikumzuia yeyote kujua kitabu kinasema nini na mwandishi wake anastahili nini.

Tangu usiku ule nina ugomvi na methali ile. Kwa mambo ya mtaani inafaa sana: mtu akimsengenya mjomba wa bosi wake halafu akapoteza kibarua, methali inatosha na kubaki. Lakini katika mambo haya ya dhihaka za dini na damu inayomwagika baadaye, haikai. Ili mdomo uponze kichwa, mdomo na kichwa viwe vya mtu mmoja. Nikihesabu matukio ninayoyajua, mara nyingi mdomo ni wa huyu na kichwa ni cha yule.

Chukua huyo huyo Rushdie. Aliishi miaka 33 baada ya fatwa, na hata baada ya visu yu hai, ingawa amepoteza jicho moja. Hitoshi Igarashi hakubahatika. Alikuwa msomi wa Kijapani, mwalimu wa chuo kikuu cha Tsukuba, mtu aliyetumia maisha yake kusoma elimu za Kiislamu na kuwafundisha Wajapani wenzake. Kosa lake ni kukitafsiri kitabu. Julai 1991 alikutwa ameuawa kwa kisu hapo chuoni kwake, na mpaka leo hakuna aliyehukumiwa. Mwezi huo huo mtafsiri wa Kiitalia, Ettore Capriolo, alichomwa kisu Milan, akapona. Oktoba 1993 mchapishaji wa Norway, William Nygaard, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Oslo, naye akapona.

Lakini tukio linaloninyima usingizi ni la Sivas, Uturuki. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Julai 1993. Watu walikusanyika katika hoteli moja iitwayo Madımak kwa ajili ya tamasha la kumkumbuka Pir Sultan Abdal, mshairi wa karne ya 16 anayependwa sana na Waalevi, watu wa madhehebu moja ya huko. Miongoni mwa wageni alikuwamo Aziz Nesin, mzee wa vichekesho, aliyekuwa ameanza kuchapisha vipande vya kitabu cha Rushdie gazetini. Baada ya sala ya Ijumaa umati ukaizunguka hoteli. Ukakaa saa kadhaa. Kisha moto ukawashwa. Walikufa watu zaidi ya 30: washairi, wapiga ala, vijana waliokuja kucheza ngoma ya kidini ya Kialevi, na wafanyakazi wa hoteli ambao zamu yao tu ndiyo iliwakuta pale. Na Aziz Nesin? Alishushwa kwa ngazi ya zimamoto akiwa hai. Alikuja kufariki mwaka 1995 kwa maradhi ya moyo, kama wanavyofariki wazee wengi.

Sasa niambie methali yako inamhusu nani hapo. Yule kijana aliyebeba ala yake kutoka kijijini, mdomo wake ulisema nini?

Paris nayo ni hivyo hivyo, ila huko angalau wachoraji wenyewe waliuawa, ndiyo maana watu wanadhani methali imepata ushahidi. Tarehe 7 Januari 2015 ndugu wawili waliingia ofisi za Charlie Hebdo, gazeti la dhihaka lililokuwa limechapisha michoro ya Mtume, wakaua watu 12. Majina ya wachoraji yalitangazwa dunia nzima. Mtu wa kwanza kuuawa hakuwa mchoraji. Alikuwa Frédéric Boisseau, fundi wa matengenezo, aliyeuawa chini kwenye lango la jengo wakati wauaji bado wanauliza ofisi wanayoitafuta iko wapi. Juu, mezani, aliuawa Mustapha Ourrad, mzaliwa wa Algeria, ambaye kazi yake ilikuwa kusahihisha makosa ya lugha. Aliuawa pia Michel Renaud, mgeni aliyekuwa amekuja kumrudishia mchoraji michoro yake tu. Nje, juu ya lami, aliuawa askari polisi Ahmed Merabet. Mwislamu, mtoto wa wahamiaji kutoka Algeria. Alikuwa ameshajeruhiwa, yuko chini, mkono umeinuliwa, na wakammalizia hapo. Wakaondoka wakipiga kelele kwamba wamemlipizia Mtume kisasi. Siku mbili baadaye mwenzao mmoja akaingia duka la vyakula vya Kiyahudi mjini humo humo na kuua watu wanne, wateja watatu na mfanyakazi mmoja. Hao walichora nini?

Halafu tuje Afrika, maana hapo ndipo hesabu inapovurugika kabisa. Gazeti lile lilipotoa toleo jipya wiki iliyofuata, likiwa na mchoro mwingine wa Mtume, maandamano yalizuka Niger tarehe 16 na 17 Januari. Watu 10 walikufa. Niamey peke yake yalichomwa makanisa 45. Mkristo wa Niamey anayeuza vitambaa sokoni hakuwahi kuliona gazeti hilo. Pengine hata Kifaransa chake ni cha kuungaunga. Kanisa lake la mabati likageuka majivu kwa sababu ya kalamu iliyochora Paris.

*

Sitaki ionekane kwamba haya ni mambo ya mbali. Nitasimulia la hapa kwetu, bila majina, kwa sababu wahusika wote bado tunapeana salamu.

Kuna mshereheshaji mmoja wa harusi hapa mjini, kijana mwenye kipaji cha kuiga sauti. Anamwiga kondakta wa basi la Dar, anamwiga diwani, anamwiga mzungu anayejifunza Kiswahili. Wanaompenda zaidi humwomba amwige imamu mmoja mzee wakati wa kutangaza michango ya msikiti baada ya sala. Anaanza kwa kukohoa, anashika kipaza sauti karibu mno na mdomo, kisha anasema taratibu: "Ndugu zangu katika imani, kwenye sanduku la Ijumaa iliyopita tumekuta noti ya shilingi elfu moja iliyochanika nusu. Aliyeitoa tunamwombea Mwenyezi Mungu amlipe Pepo. Nayo iliyochanika nusu."

Nimeisikia mara nyingi na bado inanichekesha. Wanaocheka kwa sauti kubwa zaidi ni wale tunaosali nyuma ya imamu huyo huyo, kwa sababu ni kweli, noti zilizochanika kwetu huenda msikitini.

Usiku wa harusi moja alikoiga sauti hiyo, turubai limefungwa barabarani, pilau iko jikoni, walitokea vijana wachache waliosema dini inachezewa. Mmoja wao sijapata kumwona katika safu ya sala yoyote, ila labda huwa anasali kwingine. Wakapanda jukwaani. Mshereheshaji alikuwa mwepesi, akakimbilia jikoni, na akina mama waliokuwa wanapika wakamfunika kanga, wakaketi mbele yake kama kwamba hakuna kitu. Waliobaki jukwaani ni spika mbili na kijana wa spika. Yeye hakuongea neno usiku kucha. Kazi yake ni kuunganisha nyaya na kupandisha sauti. Kijana wa Pongwe, spika amekopa kwa kikundi. Wakamvunja mkono kwa ubao wa benchi. Spika moja ikatumbukizwa mtaroni.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Asubuhi, kabla kijana hajarudi kutoka hospitali ya Bombo na plasta yake, mtaa mzima ulikuwa unasema: kayataka. Nani? Walimaanisha mshereheshaji, lakini sentensi haikuwa na jina, na aliyevunjwa mkono ni mwingine, basi ikamwangukia huyo huyo aliyevunjwa. Wazee wakakaa kikao. Mshereheshaji akatakiwa kwenda kuomba radhi msikitini, akaenda. Familia ya bwana harusi ikachangishwa fedha za matibabu. Wale vijana wa ubao hawakuitwa. Nilipouliza mbona hawakuitwa, nikajibiwa kwamba wale wana hasira, tusizidi kuwachokoza.

Imamu mwenyewe, alipofikishiwa habari, nasikia alisema jambo moja tu: kwamba yeye hakohoi vile.

Mshereheshaji bado anafanya kazi. Sauti ya imamu ameiacha. Kuna wanaomvuta pembeni kumwomba ile ya noti, kidogo tu, kwa ndani, na baadhi yao ni wale wale waliosema kayataka. Anakataa, na mimi simlaumu hata kidogo.

*

Kwa nini tunakimbilia kusema kayataka? Nimelifikiria sana, na sidhani kwamba ni ukatili. Nadhani ni woga. Binti akibakwa njiani usiku tunauliza alikuwa anatoka wapi saa zile. Mtu akiporwa simu tunauliza kwa nini aliitoa barabarani. Ukishapata kosa la aliyeumizwa, unapata na kinga yako: mimi sitembei usiku, mimi sitoi simu, mimi sichori, basi mimi niko salama. Fundi Boisseau naye hakuchora.

Na tusidhani ni sisi tu. Wiki moja baada ya mauaji ya Paris, Papa Francis akiwa ndani ya ndege kuelekea Ufilipino aliulizwa na waandishi kuhusu uhuru wa kusema. Alisema kwanza kwamba kuua kwa jina la Mungu ni upotofu. Kisha akatoa mfano wa rafiki yake aliyekuwa amesimama pembeni: huyu akimtukana mama yangu, ategemee ngumi. Watu wengi kijiweni walimpenda Papa siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Na nakiri mfano wake unaingia akilini, maana hapa ukimtusi mtu mama yake mbele ya wenzake, jioni utakuwa unatafuta barafu ya kuweka jichoni.

Lakini uutazame vizuri. Ngumi ya Papa, kwanza, ni ngumi. Pili, inampata aliyetukana, si mpishi wa aliyetukana. Tatu, ni ya papo hapo. Sheria yetu yenyewe inaijua ngumi hiyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 201, inasema anayeua kwa ghadhabu ya kuchokozwa ghafla, kabla hajapata muda wa kupoa, huhesabiwa kosa la kuua bila kukusudia badala ya mauaji. Na kifungu kinachofuata kinakubali kwamba uchokozi huo unaweza kuwa tusi alilofanyiwa mzazi wako mbele ya macho yako. Watunga sheria walijua habari za mama. Walichokataa ni hasira inayopanga safari, inayotafuta anuani, inayokodi gari na kununua risasi. Ghadhabu ya miaka 33 si ghadhabu.

Sheria hiyo hiyo ina sura nzima ya makosa ya dini, kuanzia kifungu cha 125 hadi cha 129, pamoja na kutamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za dini za mtu. Kwa hiyo nchini kwetu mwenye kuumia ana pa kwenda. Kama vifungu hivyo ni vyema au vibaya tunaweza kubishana mpaka alfajiri. Mimi naona vinaweza kumbana hata mshereheshaji wetu, na hilo silipendi. Lakini vipo. Wenye ubao wa benchi hawawezi kusema walikosa mlango wa kubisha.

Tuliliona hilo Oktoba 2012 kule Mbagala, Dar es Salaam. Watoto wawili walibishana mambo ya watoto kuhusu nini kingempata mtu akiichezea Kurani, na mmoja, Mkristo, akadaiwa kuikojolea. Mtoto akapelekwa polisi. Umati ukaenda kituoni ukitaka ukabidhiwe. Polisi hawakumtoa. Umati ukageuka ukavunja na kuchoma makanisa. Ukiuliza leo watakwambia, "Si mtoto yule alichokoza?" Mtoto wa kubishana na mwenzake, na waumini wa makanisa kadhaa ambao wala hawakumjua, wote wamefungwa katika kitenzi kimoja.

*

Nisije nikaonekana mtu wa kutetea kila dhihaka. Michoro mingi ya Charlie Hebdo niliyoiona ni ya ovyo, na mingine ni matusi tu yaliyovaa koti la ucheshi. Sisi wa huku tumelelewa na utani, tunajua mzaha una wenyewe. Mzigua ana watani wake, Msambaa ana wake. Nimeona mtani akiingia kaburini na kulala mle, anakataa maiti asizikwe mpaka apewe chochote, anaiga mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mgeni akifanya hivyo atazikwa yeye. Mtani anaruhusiwa kwa sababu kesho msiba utakuwa kwake na wewe utalala kaburini. Mchoraji wa Paris anayemchora Mtume anawacheka watu ambao wengi wao wanasafisha ofisi za mji wake na hawana gazeti la kumjibu. Hilo ni lalamiko la haki. Mwaka 2015 hata waandishi zaidi ya 200 wa chama cha PEN cha Marekani walipinga gazeti lile kupewa tuzo ya ujasiri, na hakuna aliyewaita magaidi. Au wapo waliowaita, lakini walikosea.

Ninachosema ni kwamba maswali hayo mawili hayakai kwenye mizani moja. Kama kichekesho kilikuwa kibaya, hilo ni suala la kichekesho. Nani kaua, hilo ni suala la aliyeua. Ukianza kupunguza kilo huku ili uongeze kule, utafika mahali pa Samuel Paty. Huyu alikuwa mwalimu wa shule nje kidogo ya Paris. Hakuchora chochote. Oktoba 2020 alifundisha somo la uhuru wa kutoa maoni, akaonyesha michoro ile, akiwa amewaambia wanafunzi wasiotaka kuona wanaweza kutotazama. Msichana mmoja akamweleza baba yake kwamba mwalimu amewatoa Waislamu darasani. Msichana huyo hakuwamo darasani siku ile. Baba akasambaza video, na tarehe 16 Oktoba kijana wa miaka 18 asiyemjua mwalimu wala msichana alisafiri, akawalipa wanafunzi fedha wamwonyeshe mwalimu ni yupi, akamkata kichwa. Hata hapo nilisikia mtu akisema, "Lakini naye mwalimu, si angetumia mfano mwingine?"

Wala jambo hili halina dini moja. Oktoba 1988, Paris hiyo hiyo, Wakatoliki wenye msimamo mkali walitia moto jumba la sinema la Saint-Michel kwa sababu ya filamu kuhusu Yesu, wakajeruhi watu zaidi ya kumi. Sikumbuki mtu kijiweni akisema watazamaji wale walijitakia, ila sababu ni kwamba hakuna aliyepata kusikia habari zao.

Kinachoniudhi zaidi mimi kama Mwislamu ni namna sentensi ile ya kayataka inavyonitukana mimi. Inasema Waislamu ni petroli: usilaumu petroli ikilipuka, mlaumu aliyewasha kiberiti. Petroli haina akili, haina dini, haisali. Katika duka lile la Wayahudi Paris, wakati muuaji yuko juu na bunduki, mfanyakazi mmoja Mwislamu kutoka Mali, Lassana Bathily, aliwaficha wateja kwenye chumba cha baridi chini ya duka, akazima baridi, akatoka kwenda kuwaeleza polisi jengo lilivyo. Yeye naye alikuwa anajua michoro ile. Yeye naye ni muumini. Ukisema "Waislamu wakichokozwa ndivyo walivyo," umemfuta huyo na kumwacha muuaji awe ndiye sampuli yetu.

Na dini yenyewe haikutuacha bila maelekezo. Surat An-Nisaa, aya ya 140, inazungumzia hasa hali hii: mkisikia aya za Mwenyezi Mungu zinakanushwa na kufanyiwa stihizai, msikae pamoja nao mpaka waingie katika mazungumzo mengine. Inuka, ondoka, rudi wakibadilisha mada. Washairi wa Makureshi walipomkashifu Mtume kwa beti, alimtaka Hassan bin Thabit awajibu, na Hassan akawajibu kwa beti. Watu wa pwani tungelielewa hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Kujibizana kwa mashairi kwetu ni jadi, na nyumba zimegawanyika Tanga hii kwa sababu ya beti nne bila mtu kupigwa kofi.

Hayo nilimwambia ami yangu, aliyefundisha madrasa maisha yake yote, nikidhani nitampendeza. Alinisikiliza mpaka mwisho akisokota tasbihi.

"Umetaja An-Nisaa," akasema. "Mbona umeruka Al-An'am, 108?"

Aya hiyo inawakataza waumini kuwatukana wale wanaoabudiwa na wengine badala ya Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui bila ujuzi. Ami akasema aya yenyewe inakubali kwamba tusi huzaa jambo, na mwenye kulianzisha ana sehemu yake. Nikamwambia, Ami, tusi hapo limezaa tusi, kisu hakikutajwa. Akasema nimesoma kidogo nikashiba haraka. Akanitajia Kaab bin al-Ashraf, mshairi wa Madina aliyeuawa kwa amri. Nikamjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka kumi, kwamba kisa kile wanazuoni wengi wanakifungamanisha na kuvunja mkataba na kuchochea vita, na kwamba amri ilitoka kwa mwenye mamlaka, si kwa kijana wa mtaani. Hapo alinyamaza kidogo. Hakukataa.

"Sasa wewe," akaniuliza, "mwanao akitaka kuchora yale makatuni, utamwacha?"

"Simwachi, Ami."

"Basi tunabishania nini, mwanangu, usiku wote huu?"

Nikamwambia tunabishania yule kijana wa Pongwe, wa spika, aliyevunjwa mkono. Ami anamjua, alisoma juzuu ya kwanza kwake. Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akasema masikini, mtoto mtaratibu yule, hana neno na mtu. Kisha akaniuliza:

"Lakini na yeye alifuata nini pale?"

"Kazi, Ami. Aliahidiwa elfu thelathini."

"Akalipwa?"

"Hapana."